Pipa Halipumui

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika pale uani. Hata mama mwenye nyumba, ambaye majina ya wapangaji anayajua kwa sababu zinazoeleweka, akimtaka husimama katikati ya ua na kuita, "Mama Funika!" Jina hilo hakujipa. Alipewa na jirani yake wa ukuta mmoja, fundi wa kuziba pancha, mwanamume aliyeishi peke yake na mdomo wake. Naye watu walimwita Kiraka, kwa hiyo hapo walikuwa ngoma droo.

Mama Funika alikuwa fundi cherehani. Cherehani chake cha miguu kilikaa barazani, mbele ya mlango, na akiwa pale hakuna lililompita: nani katoka, nani karudi, nani kagombana na mumewe na sasa anafua kwa hasira. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, ua katikati, na bomba moja lenye tabia za mgeni wa heshima. Linakuja linapotaka, halipigi hodi, na likishakuja kila mtu aache alichokuwa akifanya. Ndiyo maana kila mlango ulikuwa na pipa lake la maji.

Mapipa hayo hakuwa na habari nayo mpaka bintiye alipougua. Ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Homa ilimshika mchana, jioni hajiwezi, macho yanamuuma kwa ndani, viungo vyote vinamlilia, na siku zilizofuata fizi zikaanza kutoa damu. Hospitali wakasema ni homa ya dengi, ile ambayo wazee waliiita kidingapopo. Alipona, lakini siku ya kuruhusiwa daktari alimvuta mama mtu pembeni.

"Mama, safari hii tumemrudisha," alisema. "Akiipata tena, ya pili huwa inaweza kuja kali kuliko ya kwanza. Mkinge na mbu. Na si usiku tu, huyu mbu anauma mchana."

Sasa mvua nyingine zilikuwa zinakaribia, na binti yule alikuwa mjamzito. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu; hakutaka mkewe abaki peke yake, akamleta kwa mama yake na mkoba wa nguo na maelezo mengi yasiyohitajika. Mama Funika alimpokea, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akatazama lile tumbo, kisha akatazama mapipa yaliyopangana uani midomo wazi. Aliogopa. Yeye lakini si mtu wa kukaa na woga. Akiwa nao huutafutia kazi.

Kwanza alikwenda zahanati kumwuliza dada wa afya, aliyekuwa na subira ya kueleza jambo lile lile kila siku kana kwamba ni jipya. Mbu huyu, alimwambia, ana miguu ya milia kama aliyevaa soksi za mchezaji. Hataki mtaro unaonuka. Anapenda maji safi yaliyotulia: pipa, ndoo, kopo, chungu cha maua, tairi lililolala nje. Hutaga ukutani mwa chombo, pale maji yanapoishia, na mayai yake yakigandia pale yanaweza kukauka na kungoja hata miezi. Maji yakirudi, nayo yanaamka.

"Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi?"

"Umwage na usugue, mama. Kisha ufunike. Na ufunike kwelikweli."

Mama Funika aliporudi alikuwa ameshalipiga hesabu jambo lote kichwani. Chandarua kitamlinda binti akiwa kitandani, lakini hawezi kushinda nacho mchana kutwa kama bibi harusi. Kufunika pipa lake mwenyewe nako ni bure, maana mbu haulizi mwenye chumba ni nani. Ama ua mzima ufunike, ama hakuna aliyefunika. Akaingia kwenye kabati la vitambaa, akatoa robota la wavu alilokuwa amelibakiza kwenye kazi ya mapazia, akavaa futi yake shingoni na kuanza kupita mlango kwa mlango akipima midomo ya mapipa.

Kiraka alikuwa anakunywa chai kizingitini kwake. "Jamani," akaita, ili ua mzima usikie, "pipa langu linapimwa kiuno. Linaolewa lini?"

"Litaolewa siku utakayooga," akajibu bila kuinua macho.

Watu walicheka, na kucheka kule kulimsaidia kuliko hotuba. Hakuna aliyekataa kushonewa kifuniko cha bure na mtu aliyewachekesha. Alishona kwa siku nyingi, kazi za wateja zikangoja, na kila kifuniko kilikuwa na pindo safi na kamba ya kufungia, mshono umenyooka. Ua ukapendeza. Dada wa afya alipopita kukagua alisifu, na Mama Funika, tusimfiche, alivimba kichwa kidogo. Kila aliyepita alikumbushwa: umetoa maji, funika, umefunika, funga kamba. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja, watu wakiwa bado wanapiga mswaki, ilisikika kelele ya spana ikigonga rimu ya gari. Kiraka alikuwa amesimama katikati ya ua, mkononi ameshika chupa ya kioo.

"Wapangaji wenzangu! Njooni mwone mifugo ya Mama Funika!"

Ndani ya chupa maji yalikuwa safi, na ndani ya maji viluwiluwi wa mbu walikuwa wakijipinda, wanashuka, wanapanda, kwa raha zao. Kiraka alikuwa amewateka kwenye pipa lake, chini ya kifuniko. Jirani mmoja, mama wa mapacha, akakimbilia lake, akafungua kamba na kuinama. Akanyanyuka amekunja uso.

"Mama Funika, na mimi ninao! Afadhali zamani, angalau tulikuwa tunawaona."

Kilichomuuma Mama Funika si kicheko. Ni kwamba tangu vifuniko viwekwe hakuna aliyekuwa amesugua pipa. Walikuwa wamemwamini. Badala ya kuwafukuza mbu amewajengea nyumba yenye paa, na bintiye amekaa pale pale, hatua chache, miguu imevimba, anakuna mkono. 

Hadi mchana vifuniko vilikuwa vimeng'olewa. Kimoja kilikuwa kinachujia nazi. Kingine kilikuwa kimekunjwa kuwa dodoki la kusugulia masufuria, pindo lake lile safi likining'inia kwa masizi. Kiraka naye, chake alikifanya tambara la kufutia grisi, tena akakaa nalo mahali pa kuonekana.

"Mama, basi," bintiye akamwambia kwa upole. "Umejitahidi."

"Basi husema aliyemaliza, mwanangu. Mimi nimeharibu, sijamaliza."

Akachukua kigoda, akakiweka mbele ya pipa lake mwenyewe, ambalo kifuniko chake kilikuwa bado kimefungwa, akakaa. Hakushona, hakusuka, hakujibu salamu. Waliopita walidhani amesusa. Yeye alikuwa anatazama. Alitazama namna wavu ulivyobonyea katikati, kama kitanda cha kamba kilichochoka, mpaka ukagusa maji na kulowa. Jua lilipoanza kupungua makali akaja mbu mmoja, mdogo, mweusi, miguu ya milia. Alizunguka pipa. Akatua palepale penye bonde, kwenye wavu uliolowa, akatulia kama aliyefika kwake.

Mama Funika alimwacha akae kwanza, amwone vizuri. Kisha akampiga kofi, akafungua kamba, akakivuta kifuniko kwa mikono miwili. Kililegea. Akakivuta tena, akapitisha vidole viwili chini ya pindo, vikaingia bila shida. Ndipo akaanza kucheka peke yake, kicheko cha uchungu.

Fundi mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na neno moja ambalo alimchapa nalo vidole kwa rula mpaka likaingia damuni: acha nafasi. Usimkate mtu nguo kwa kipimo chake halisi. Mtu anakula, anakaa, anapumua. Kiunoni acha nafasi, kifuani acha nafasi. Tangu hapo hakuwahi kukata kitu bila vidole viwili vya ziada, na mkasi wake ulikuwa unajua hivyo kuliko yeye mwenyewe. Mapipa yote ya ua ule aliyapima kiuno kama alivyotaniwa, na yote akayaachia nafasi.

"Pipa halipumui," akasema kwa sauti. Bintiye akainua kichwa kuona kama mama yake ameanza kusema ovyo.

Sasa, kujua kosa ni jambo moja. Kwenda kulisema mbele ya watu ambao tayari wamesugulia masufuria kazi yako ni jambo lingine. Angeweza kuwatupia wao lawama, kwamba hawakukaza kamba, na nusu ingekuwa kweli. Hakufanya hivyo. Alingoja siku bomba lilipotoa maji, watu wote wakiwa kwenye foleni na ndoo zao, hakuna wa kukimbia maana atapoteza zamu. Akasimama mbele ya bomba.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimeyashonea mapipa kama ninavyowashonea nyinyi, nikaacha nafasi, wavu ukazama majini na mbu akapata pa kutagia. Nataka vifuniko vyangu vyote, hata kile cha masufuria. Nitavirudia. Na leo, kabla hamjajaza, kila mtu asugue pipa lake, kuta zake zote, na mimi nitashika brashi pamoja nanyi."

"Tukuamini tena?" aliuliza mama wa mapacha. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu aliyechoka.

"Msiniamini. Nikirudisha, kila mmoja agonge kwa kidole. Kikibonyea, nirushie usoni. Mficha uchi hazai, jirani, na mimi nataka mjukuu."

 Kiraka, kwa kuwa mdomo humuwasha, akaropoka, "Utakaza kwa nini? Kwa lastiki ya sketi? Jua likiipiga hiyo siku chache tu, imelegea kama mdomo wa mlevi."

"Kweli," akasema Mama Funika. "Basi niambie, fundi. Kisicholegea ni nini?"

Hapo alimpata. Hakuna mtu wa kazi ya mikono anayeweza kuulizwa jambo la kazi yake mbele za watu akanyamaza. Kiraka akajikohoza. "Mpira wa ndani wa tairi. Ukate mkanda mwembamba, uzungushe pipa, uvute. Huo hata ukilaza mzigo wa kuni juu ya baiskeli hauachii."

"Unao?"

Alikuwa nao tele, na sasa ua mzima unamtazama. Akaenda kibandani akarudi na mipira chakavu begani, akaitupa barazani kwa Mama Funika kwa maringo ya mtu anayetoa mahari.

Vifuniko vilirudi, vingine vinanuka grisi. Alivifumua, akakata kwa kipimo kamili, na kila alipokata mkono ulitaka kuongeza vidole viwili, naye akaukemea kwa sauti kama mtoto. Vilivyotoka safari hii havikuwa vizuri kwa kutazama, mkanda mweusi umeuma pipa, wavu umewambwa kama ngoma. Watu waligonga. Mama wa mapacha aligonga kwa kidole, kisha kwa kijiko, kisha akaweka juu yake sufuria tupu. Havikubonyea.

Likabaki jambo moja. Nyuma ya chumba cha Kiraka, chini ya dirisha lake, matairi mabovu yalikuwa yamelala chali kwenye mvua, kila moja na maji yake tumboni.

"Na yale, kaka?" Mama Funika alimwuliza.

"Yale ni mali ya kazi, dada. Wewe shughulika na viuno."

Alirudi kesho yake kuuliza. Akarudi keshokutwa. Alikuwa anauliza hilo swali badala ya salamu, na Kiraka akawa anamkwepa kwa kupita mlango wa nyuma, ambao, kwa bahati mbaya yake, ndio uliopita kwenye matairi.

Halafu siku moja kibanda hakikufunguliwa. Wateja wawili watatu walikuja na baiskeli zao wakaondoka wakizisukuma. Mchana Mama Funika akagonga mlango, akasukuma, akamkuta Kiraka amejikunja kitandani, midomo imekauka, mkono umefunika macho.

"Macho yanauma kwa ndani?" akamwuliza.

"Umejuaje?"

Alijua, na aliogopa vilevile. Alimpeleka zahanati akimshikilia kiunoni, yeye aliyetaniwa kwa kupima viuno. Kipimo kikatoa jibu alilolijua: dengi. Wakaambiwa apumzike, anywe maji mengi, dawa ya homa iwe panadoli tu, asije akameza aspirini, na akiona damu au tumbo likimkaza arudishwe mbio. Dada wa afya akaongeza: "Na alale ndani ya chandarua, mchana pia. Siku hizi za homa, mbu akimuuma yeye atabeba ugonjwa ampelekee mwingine."

Njia nzima Mama Funika aliwaza chandarua. Kiraka chandarua hakuwa nacho. Chake alikuwa amekigeuza pazia la kibanda, vumbi na mafuta vimekimaliza. Na ukuta wa kitanda chake ndio ukuta wa kitanda cha bintiye.

Kulikuwa na chandarua kimoja kipya. Mama Funika alikuwa amekishona mwenyewe kwa ajili ya mjukuu atakayezaliwa, cheupe, kimezungushwa utepe wa bluu, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na kilikuwa kimekunjwa ndani ya sanduku kikingoja. Akakitoa. Mama wa mapacha alimwona akikatiza nacho ua na kuelekea mlango wa jirani.

"We! Chandarua cha mjukuu unampa yule? Yule aliyekuita mfugaji? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwache avunjike."

"Simpi yeye," akasema Mama Funika. "Nampa mjukuu wangu."

Alikitundika kwenye misumari ya ukutani, akachomeka kingo chini ya godoro pande zote, akakaza. Kiraka alikuwa amesikia kila kitu. Mlango ulikuwa wazi. Aligeuzia uso ukutani. 

Mama Funika akatoka akaenda moja kwa moja kwenye matairi. Maji ya ndani ya tairi ni makaidi. Ukiliinua huku yanakimbilia kule. Alilibingirisha la kwanza, likamlowesha kuanzia kifuani. Akalibingirisha tena. Akachukua kopo, akaanza kuyachota, viluwiluwi na yote, akiyamwaga kwenye mchanga mkavu chini ya upenu. Hakumwita mtu. Baada ya muda mama wa mapacha alikuja na kopo lake, analalamika, lakini anachota. Wakaja wengine. Matairi yakafutwa kwa matambara, yakapangwa upenuni moja juu ya jingine, na Mama Funika akaleta sindano nene na mifuko mitupu ya saruji, akakaa chini kuyashonea turubai.

Dirishani, nyuma ya wavu mweupe, sauti ya mgonjwa ikasikika, nyembamba kama uzi.

"Mama Funika."

"Naam."

"Hilo turubai usiliachie nafasi."

Walicheka wote mpaka mama wa mapacha akakaa juu ya kopo lake. Mama Funika naye alicheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kiganja chenye vumbi la saruji na kuendelea kushona. Binti alikuwa amefika mwezi wake, na kila asubuhi mama yake alikuwa akimwekea mkono kwenye paji la uso kabla hajamsalimu.

Homa haikuja. Uchungu ndio uliokuja, asubuhi ya jua kali baada ya mvua, na hospitali ikawarudisha siku iliyofuata wakiwa watatu: bibi, mama, na msichana mdogo mwenye sauti ya kunadi bidhaa sokoni. Ua wote ulitoka kumwona. Kiraka alikuwa amesimama mlangoni kwake, amekonda, suruali imefungwa kwa mkanda wa mpira wa tairi. Mikononi alikuwa na kile chandarua, kimefuliwa na kukunjwa.

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa ya kutangazia ua. "Kilinasa kwenye msumari. Kilichanika hapa. Nimekiziba kwa ninachojua."

Mama Funika alikikunjua. Juu kidogo ya ule utepe wa bluu, kwenye wavu mweupe, kulikuwa na kipande cha mpira mweusi cha duara kilichobandikwa kwa gundi ya pancha. Mama wa mapacha alifumba macho. Fundi aliyewahi kufumua sare nzima kwa sababu ya kifungo kimoja kilichopinda alikitazama kile kipande muda mrefu. Akapitisha kidole pembezoni mwake kote, akavuta huku, akavuta kule, akatafuta pa kupenyeza ukucha. Hapakuwa na nafasi.

Akaingia ndani, akakitundika juu ya mjukuu wake vilevile kilivyo.